Nikifumba Macho Naona Giza Tu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi magari hapa Unga Limited, Arusha. Binti yangu yuko darasa la sita. Juzi karudi analia: walisomewa hadithi, wakaambiwa wafumbe macho waeleze picha wanayoiona. Yeye akasema haoni kitu, akaambiwa hakuwa makini. Nilipotaka kumtetea nikagundua hata mimi sioni! Miaka yote nilidhani "vuta picha" ni msemo tu. Mke wangu ananishangaa, maana yeye akisoma riwaya anaona kama sinema. Lakini mimi nasoma magazeti, nasoma riwaya, na ninaelewa. Je, tuna ugonjwa? Na kama hatuoni picha, maneno tunayaelewaje?

Fundi, Arusha

JIBU: Marahaba fundi. Hamuumwi, wala hamjalogwa. Mko wachache tu. Makadirio mengi yanataja mtu 1 hadi 4 katika kila 100. Mwaka 2015 Adam Zeman, daktari wa mishipa ya fahamu wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, aliipa hali hiyo jina la afantasia, ila yenyewe ni ya siku nyingi. Mwaka 1880 Francis Galton, mwanasayansi wa Uingereza, alichapisha majibu ya watu aliowataka waikumbuke meza yao ya kifungua kinywa, mwanga wake na rangi zake. Baadhi ya wanasayansi walimjibu kama wewe, kwamba habari za picha akilini ni namna ya kusema tu. Tena hali hii huonekana zaidi ndani ya familia moja, kwa hiyo binti huenda kakufuata wewe.

Swali lako la pili ndilo tamu. Jana jioni niliwauliza majirani hapa Pasua, Moshi, tumekaa barazani na Mlima Kilimanjaro umejifunika mawingu gubigubi: ukiutazama kutoka hapa, Mawenzi iko upande gani wa Kibo? Mama mmoja anayeuza ndizi Mbuyuni akafumba macho, kidole kikachora hewani kichwa bapa cha Kibo, kikashuka, kikapanda tena kwenye meno ya Mawenzi. Akasema, "Kulia." Kijana wa bajaji alikuwa ameshajibu "kulia" kabla sijamaliza swali, nilipombana akasema hajaona picha yoyote, anajua tu. Shemeji yangu wa Rombo akatuona wote tumepotea: kwao Mawenzi ndiyo iko mbele, Kibo iko nyuma yake. Na mtu wa Loitokitok, ng'ambo ya Kenya, angesema kushoto.

Sasa niambie, kama maana ya neno "Mawenzi" ingekuwa ile picha kichwani, watu hawa wangebishanaje? Kila mmoja angekuwa na mlima wake. Picha ni ya mtu binafsi. Maana ya neno tunaichangia sote, na wewe usiyeona picha umo. Isitoshe, hata mkeo na sinema yake, mwulize anaona nini akisikia "labda", au "deni". Deni unalijua vizuri bila picha, naamini, hasa wateja wanapochukua gari kwa ahadi ya Jumamosi.

Sisemi picha haina kazi. Allan Paivio, mwanasaikolojia wa Kanada, alionyesha kwamba maneno ya vitu vinavyoonekana, kama "ndizi", hukumbukwa kirahisi kuliko "uaminifu". Maelezo yake, aliyoyapanga katika kitabu cha mwaka 1971, ni kwamba neno la namna hiyo huhifadhiwa mara mbili, kama neno na kama picha. Lakini ubongo una njia nyingine. Mwaka 2004 Olaf Hauk na wenzake kule Cambridge waliwaweka watu kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawaonyesha vitenzi vya Kiingereza vya kulamba, kuokota, kupiga teke na vingine vya aina hiyo. Walitakiwa kusoma kimya tu. Sehemu zinazoendesha ulimi, mkono au mguu ziliamka kulingana na neno. Wataalamu bado wanavutana kama mwamko huo ndio sehemu ya maana, au hufuata tu baada ya mtu kuelewa. Mimi naegemea upande wa kwanza: fundi akisoma "kaza nati", kuna kitu mkononi kinachoelewa kabla ya jicho.

Tofauti yako na mkeo huenda iko kwenye hofu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, uliochapishwa 2021, uliwasomesha watu visa vya kutisha gizani huku ngozi yao ikipimwa jasho. Wenye picha akilini walionyesha dalili za woga. Wenye afantasia, karibu hakuna. Walipoonyeshwa picha zenyewe za kutisha, wote waliogopa. Kwa hiyo usimcheke mama akifunga riwaya usiku na kuacha taa ikiwaka.

Jambo moja la kuangalia: ninyi mmezaliwa hivyo. Mtu aliyekuwa akiona picha, kisha zikatoweka ghafla, aende hospitali. Mgonjwa aliyemfanya Zeman aanze kulichimba suala hili alikuwa mpima majengo mstaafu, naye alizipoteza baada ya matibabu ya moyo.

Kuhusu shule, nenda mwenyewe, kwa upole, umweleze mwalimu kwamba mtoto alisema kweli. Ed Catmull, aliyekuwa rais wa Pixar, kampuni ya filamu za katuni, naye haoni picha kichwani. Mwombe abadili swali: badala ya "unaona nini?" aulize "nani alikuwepo, alisimama wapi, alifanya nini?" Binti atajibu. Na akipewa insha ya maelezo, mlete gereji, mwonyeshe gari lililo juu ya jeki, ataje kila anachokiona, kisha ndipo aandike.