Nyumba ya kupanga kijijini Uholanzi: majibu kwa mlioniuliza

Tangu niweke picha ya nyumba yetu kwenye kundi la familia, maswali hayajakatika. Binamu yangu wa Korogwe anataka kujua kodi ni kiasi gani na kama kweli watu hapa wanalipa mwezi kwa mwezi. Shangazi anashangaa mtu kwenda Ulaya halafu akakae shamba. Na wapo walionifuata pembeni kuulizia chumba. Nawajibu wote kwa pamoja, na sitawapamba wala sitawatisha.

Kijiji chetu kiko Drenthe, jimbo la kaskazini-mashariki mwa Uholanzi, upande wa mpaka wa Ujerumani. Ni nchi ya mashamba ya viazi, mahindi ya kulisha ng'ombe na misitu midogo midogo. Kuna makaburi ya mawe makubwa yaliyojengwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. 52 kati ya 54 yaliyobaki nchi nzima yako jimbo hili, na watoto wa shule huyapanda kama sisi tulivyopanda miembe. Maduka ni machache, kanisa lipo, uwanja wa mpira upo. Ikifika saa kumi na mbili jioni watu wako mezani na barabara haina mtu.

Sasa kodi. Nyumba yetu ina vyumba vitatu vya kulala juu, sebule na jiko chini, na bustani nyuma. Tunalipa karibu euro 650 kwa mwezi, yaani kama shilingi milioni moja na laki nane. Najua mkisikia hivyo mnashika kichwa. Lakini ni kweli tunalipa mwezi kwa mwezi. Hakuna mtu wa kukudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima mkononi kama Dar es Salaam. Amana ipo, ila kwa mikataba iliyoanza Julai 2023 na kuendelea, sheria inakataza mwenye nyumba kudai zaidi ya kodi ya miezi miwili, na ukihama anatakiwa kukurudishia ndani ya siku 14 kama hadai kitu. Dalali aliyetumwa na mwenye nyumba naye haruhusiwi kukutoza wewe mpangaji. Akikutoza, unaweza kumdai arudishe.

Kwa hiyo shida ya hapa siyo kutafuta mtaji wa kodi. Shida ni kuipata hiyo nyumba, na hapo fedha peke yake haikusaidii. Wanaangalia karatasi zako na muda uliosubiri.

Nyumba nyingi za kupanga ni za mashirika ya nyumba yasiyofanya biashara ya faida. Unajiandikisha, na tangu siku hiyo unaanza kuhesabiwa muda. Nyumba ikitangazwa mnaomba wengi, na kwa kawaida anayepewa ni aliyesubiri muda mrefu kuliko wenzake. Amsterdam watu wanasubiri zaidi ya miaka kumi. Huku shamba foleni ni fupi zaidi, ingawa nayo ni ya miaka. Shangazi, hilo ndilo jibu la kwanza la kwa nini niko kijijini. Tena kuna kikomo cha kipato: kwa mwaka 2025, mtu anayeishi peke yake hakupaswa kuzidi euro 49,669 kwa mwaka ili apewe nyumba za kundi hilo, ambazo kodi yake ya kuanzia haikuzidi euro 900.07. Mwenye kipato kidogo zaidi anaweza kuomba ruzuku ya kodi ya nyumba serikalini, ikaingia kwenye akaunti yake kila mwezi.

Ukienda kwa wenye nyumba binafsi, mara nyingi wanataka mshahara wako uwe mara tatu ya kodi, hati za mshahara za miezi ya karibuni na barua ya mwajiri. Mgeni aliyetua juzi anazitoa wapi? Hapo ndipo matapeli wanapomngojea. Nyumba nzuri, picha nzuri, bei ndogo, mwenye nyumba "yuko safarini," tuma amana kwanza funguo zitakuja kwa posta. Mdogo wangu, ukisikia maneno hayo, achana naye. Usitume hata senti moja kwa nyumba ambayo hujaingia ndani ukaiona, na usikubali nyumba ambayo mwenyewe anakukataza kuandikisha anwani. Bila kuandikishwa kwenye manispaa hupati namba ya raia inayohitajika kwenye ajira, benki, bima ya afya na shule ya mtoto. Ukihamia nchini kukaa, unatakiwa kujiandikisha ndani ya siku tano.

Kuna mlango mwingine ambao wengi huingilia: wakala wa kazi anakupa kazi ya kufungasha mboga na kitanda humo humo, kodi anaikata kwenye mshahara. Wengine wanawekwa kwenye vijumba vya mapumziko vilivyo msituni, ambavyo vingi havikuruhusiwa watu kuishi mwaka mzima. Nimewatembelea watu huko. Kazi ikiisha, na kitanda kiko hatarini. Mtu anaogopa kuugua, anaogopa kumjibu msimamizi. Kama ahadi uliyopewa ni ya namna hiyo, uliza kwanza: nikiachishwa kazi, nitalala wapi? Ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliopata hifadhi wao wana njia yao. Manispaa ndiyo yenye jukumu la kuwapatia nyumba, lakini hawachagui mji. Kuna mama wa Bukavu niliyekutana naye kwenye darasa la Kiholanzi, aliletwa huku akiwa hajawahi kusikia jina la Drenthe.

Ukishapata mkataba, hapo ndipo nchi hii ilipoushinda moyo wangu. Tangu Julai 2024 mkataba wa kawaida ni wa kudumu, hauna tarehe ya mwisho. Mwenye nyumba hawezi kuamka asubuhi akakwambia uhame mwisho wa mwezi kwa sababu mwanawe anaoa. Ukikataa kuondoka, ni hakimu tu anayeweza kuamua utoke. Hawezi kuingia ndani bila ruhusa yako, hata kama ana funguo. Na kodi yenyewe, kwa nyumba nyingi, haipangwi kwa mdomo. Nyumba inahesabiwa pointi: ukubwa wa vyumba, jinsi inavyohifadhi joto, thamani yake, hata urefu wa kaunta ya jikoni. Hadi pointi 143 ni nyumba ya kundi la chini, na kodi ina kikomo chake. Tangu 2024 kikomo kinafika mpaka pointi 186. Niliwahi kupiga magoti jikoni na futi ya fundi nikipima kaunta, binti yangu akiandika.

Sheria hizi zilinifaa. Majira ya baridi ya kwanza, ukuta wa chumba cha mtoto ulianza kuota ukungu mweusi kwenye kona, chini ya dirisha. Nikaripoti kwa wenye nyumba. Akaja mtu, akatazama dakika chache, akasema tunapika sana na hatufungui madirisha. Nilikuwa nafungua kila asubuhi, baridi ikinipiga usoni, na kitambaa cha kufutia vioo kiko pale pale dirishani. Jirani yetu mzee, fundi mstaafu wa mabomba, akatoka nje na ngazi yake, akaniita nione: mfereji wa paa ulikuwa umepasuka na maji yanashuka ndani ya ukuta. Nikapiga picha, nikaandika barua, nikaweka tarehe. Kuna chombo cha taifa cha kuamua migogoro ya wapangaji kinaitwa Huurcommissie. Ukiripoti ubovu kwa maandishi na wiki sita zikapita bila kutengenezewa, unaweza kukiomba kishushe kodi mpaka ubovu uondolewe. Mpangaji anatoa euro 25 tu, na akishinda anarudishiwa. Nilipokitaja kwenye barua ya pili, mafundi walikuja. Nyumbani nani angethubutu kumwandikia mwenye nyumba barua ya namna hiyo? Ningekuwa nimeshatupiwa vyombo nje.

Binamu, jambo ambalo nadhani hukulitegemea: nyumba unapewa tupu. Naposema tupu simaanishi haina makochi. Sakafu ni saruji ya kijivu, ngazi zina mabaki ya gundi ya kapeti ya aliyetoka, nyaya zinaning'inia darini bila taa, madirisha makubwa ya mbele hayana hata fimbo ya pazia. Jiko la kupikia huna, friji huna. Anayehama anang'oa sakafu yake na kuondoka nayo, au anakuuzia wewe unayeingia. Kwa hiyo ukiweka akiba ya amana na kodi ya kwanza tu, utalala kwenye saruji. Ponea yetu ilikuwa maduka ya vitu vilivyotumika, ambayo yako karibu kila mji. Meza yetu ya kulia, ya mti mgumu kabisa, ilitugharimu chini ya mfuko wa unga wa sembe ninaoununua kwenye duka la vyakula vya Kiasia mjini.

Juu ya kodi kuna bili. Nyumba za vijijini nyingi ni za zamani, kuta zake zinaachia joto, na gesi ya kupashia moto ndiyo inayomaliza mshahara. Unalipa makadirio kila mwezi, mwaka ukiisha wanapiga hesabu. Ama wanakurudishia, ama wanakuletea deni. Mwaka 2022 bei zilipopanda baada ya vita ya Ukraine, watu waliishi chumba kimoja nyumba nzima, na mwaka 2023 serikali ikaweka kikomo cha bei. Sisi tunasoma mita wenyewe kila Jumapili. Halafu kuna maji, taka, bima ya afya ambayo ni lazima, na tozo ya mamlaka ya maji, wale wanaotunza mifereji na kingo nchi isizame. Mpangaji naye anailipa, ila mwenye kipato kidogo sana anaweza kuomba asamehewe. Ukiombwa na ndugu hela mwishoni mwa mwezi ukajibu huna, huna kweli.

Usafiri ndio unaonichosha zaidi. Basi linapita mara moja kwa saa mchana, jioni linakatika. Vijiji vingine vina basi dogo linaloendeshwa na wastaafu wanaojitolea, na wikendi halipiti. Leseni yetu ya Tanzania inatambuliwa siku 185 tu tangu ujiandikishe. Baada ya hapo ni kusoma na kufanya mtihani upya, na masomo yenyewe ni maelfu ya euro. Basi mnapoona picha zangu juu ya baiskeli na koti la mvua, hiyo siyo mazoezi. Nakwenda kazini. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, na njia ya katikati ya mashamba haina taa zote.

Na watu? Hakuna anayekuja bila kuahidiana. Mwezi wa kwanza nilidhani tumechukiwa. Sikuwa nimejua kwamba huku mgeni ndiye anayejitambulisha. Nikakaanga maandazi, nikagonga milango, na milango ikafunguka. Binti yangu alipofaulu mtihani wa kumaliza sekondari, yule mzee wa mabomba alileta mlingoti na bendera, akamwonyesha jinsi ya kuning'iniza begi lake la shule juu yake, kama wanavyofanya nchi nzima mwezi wa Juni. Kila aliyepita alipiga kengele ya baiskeli. Nililia.

Lakini sitawaficha. Familia nyeusi hapa ni yetu na nyingine moja. Kuna macho dukani, kuna anayekuuliza utarudi lini kwenu. Vipo vijiji ambavyo bado, kwenye sherehe ya Sinterklaas (mzee wa kuletea watoto zawadi) inayofikia kilele tarehe 5 Desemba, watu wanajipaka uso mweusi kuigiza wasaidizi wake. Miji mikubwa imeacha. Msimu huo nazungumza na mwalimu mapema, na siku ya gwaride lake tunakwenda mji wa Groningen kwa marafiki. Na Jumapili za Januari, mume wangu akiwa zamu, mvua nje na simu zenu hazipokelewi, ukimya wa huku unalemea kifuani. Mtu aliyezoea uswahilini, redio ya jirani na watoto mlangoni, ajipime kwanza.

Mbona siondoki basi? Kwa sababu mwanangu ana chumba chake, na hakuna mtu wa kututoa. Nimepanda mboga nyuma ya nyumba. Ile jamii ya sukuma wiki inakubali sana udongo huu, inavumilia hata baridi kali.

Sasa mnaoulizia chumba. Siwezi kukupangisha chumba kimya kimya. Kwa mkataba wetu nahitaji idhini ya wenye nyumba, na nikikiuka naweza kupoteza nyumba. Kuja kutembea ni sawa: viza inakuruhusu hadi siku 90, nami nitajaza fomu ya kukupokea, nitaipeleka manispaa wathibitishe sahihi yangu. Ukija kwa masomo, anza na chuo, uliza kama kina vyumba vya wanafunzi wa kigeni, na omba mapema kabla hata ya viza. Ukija kwa kazi, nitumie mkataba kabla hujasaini. Tutausoma pamoja ukurasa kwa ukurasa, hasa pale panapotaja malazi.