Sanduku gumu au la kitambaa? Anzeni na magurudumu

Barua za mwezi huu karibu zote ni za watu wanaojiandaa na safari, na swali linalojirudia ni hilo la kichwa cha habari. Tumechagua tano.

Assalaam alaikum. Nitaondoka Wete mwezi ujao kwenda Umra, na ni mara yangu ya kwanza kutoka nje ya nchi. Mwanangu ananihimiza ninunue sanduku gumu, dada yangu anasema la kitambaa. Nina miaka 61 na sanduku nitalivuta mwenyewe. Nichukue lipi?
*Bibi wa Wete*

Waalaikumu salaam, bibi. Mwanao na dada yako wote wana hoja, ila wanatazama juu tu. Wewe inama utazame chini, kwenye magurudumu. Sanduku lako litapata tabu zaidi kabla ya kufika uwanja wa ndege kuliko likiwa ndani ya ndege. Hesabu njia yenyewe: gari hadi Mkoani, gati, boti, bandari ya Malindi mjini Unguja, pengine usiku mmoja kwa jamaa ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe, ndipo uwanja wa ndege wa Kisauni. Sakafu ya marumaru utaikuta mwisho kabisa.

Magurudumu manne yanayozunguka kila upande ni raha dukani, kwa sababu dukani kuna vigae. Mengi yana kipenyo cha sentimita 4 au 5 tu, na yamening'inia nje ya sanduku kwa miguu midogo. Likiingia kwenye ufa wa gati au kugonga jiwe, gurudumu hubaki, mwili wa sanduku huendelea mbele, na mguu ule hukatika. Magurudumu mawili huwa makubwa zaidi, na nusu yake imezama ndani ya mwili wa sanduku, kwa hiyo hata likiburutwa au kutupwa hayapokei pigo moja kwa moja. Kasoro yake ni kwamba ukiliinamisha kulivuta, sehemu ya uzito inaangukia mkono na bega lako. Ndiyo maana saizi ni muhimu kwako kuliko rangi.

Ushauri wetu: la kitambaa, inchi 24 hadi 26, magurudumu mawili yaliyozama, na wakati wa kwenda lisizidi kilo 15. Nguo za Umra si nyingi. Hapo Malindi mpe hamali, usishindane naye. Kwenye viwanja vikubwa vya ndege utapata matoroli, kwa hiyo ile faida ya magurudumu manne kwenye marumaru hutaihitaji sana.

Sababu ya pili ya kitambaa ni chumba cha hoteli. Masanduku magumu mengi hufunguka katikati kama kitabu, nusu kulia nusu kushoto, na kila nusu inadai sakafu yake. Mkiwa wanawake wanne chumba kimoja, hamtakuwa na pa kukanyaga. La kitambaa hufunguliwa kifuniko tu, hata likiegemea ukuta.

Dukani, kabla ya kuuliza bei, fanya haya. Geuza kitelezi cha zipu utazame mgongoni, mara nyingi kuna namba: 8 au 10 inafaa kwa sanduku kubwa, 5 ni ya mkoba wa skuli. Vuta mpini hadi mwisho kisha uutikise. Ukicheza sana ukiwa mpya, mwaka ujao utakwama. Zungusha kila gurudumu kwa kidole, linatakiwa lizunguke kimya bila kuyumba. Halafu weka vitu vizito dukani humo, hata mafurushi ya nguo, ulivute mpaka nje mlangoni. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Pima pia jumla ya urefu, upana na kina. Mashirika mengi ya ndege yanataka isizidi sentimita 158, na magurudumu na mpini vinahesabiwa. Sanduku la inchi 30 linaweza kupita kiwango hicho kabla hujatia hata kanga moja. Uzito unaoruhusiwa angalia kwenye tiketi yako. Mashirika mengi huruhusu kilo 23 kwa kila mzigo. Mizani ndogo ya ndoano itakuokoa na aibu ya kufungua nguo mbele ya foleni.

Kitambaa kinaingiza maji, hilo dada yako asikufiche. Mvua ya masika ikilikuta kwenye toroli la mizigo, nguo za juu zitaloa. Usidhani sanduku gumu haliingizi, maana nalo hupitisha maji kwenye zipu. Kwa yote mawili, tia nguo ndani ya mfuko mzito wa nailoni kabla ya kuzipanga. Chupa za mafuta ya kujipaka na za uturi zizungushie taulo na uziweke katikati. Na wakati wa kurudi, maji ya Zamzam usiyatie ndani ya sanduku. Yanasafirishwa kwenye boksi lake maalumu la lita 5 linalouzwa kule.

Nilinunua sanduku gumu, nikaambiwa ni "faiba, halivunjiki". Safari ya kwanza limerudi na ufa kwenye kona. Nimetapeliwa?
*Msomaji wa Kikwajuni*

Neno "faiba" madukani lina maana ya chochote kinachong'aa. Ganda la sanduku gumu kwa kawaida ni moja kati ya plastiki tatu. ABS ni rahisi na hung'aa vizuri, lakini ni kavu: ikipigwa kwenye kona hupasuka. Polikaboneti hubonyea na kurudi. Polipropilini ni nyepesi na hunyumbuka, ila haina mng'ao na watu huidharau kwa hilo. Tazama lebo ya ndani: PC (polikaboneti), ABS, au PP (polipropilini). Ikiandikwa ABS+PC, jua ni mchanganyiko, na polikaboneti inaweza kuwa kidogo sana.

Lebo ikikosekana, bonyeza katikati ya kifuniko kwa dole gumba. Polikaboneti itabonyea na kurudi bila kubaki na alama. ABS hulalamika, na ukiikunja kwa nguvu huacha mstari mweupe. Huo mweupe ndio mwanzo wa ufa.

Tunashuku kitu kingine pia: sanduku lilikuwa limejaa? Ganda gumu lenye nafasi tupu ndani halina kinacholiegemea, na likilaliwa na mizigo mingine kona hubeba peke yake. La kitambaa husinyaa likaendelea na safari. Sanduku gumu lijaze mpaka pembeni, hata kwa taulo.

Ufa mfupi unatengenezeka. Toboa tundu la milimita 3 hasa pale ufa unapoishia, usiendelee kukimbia. Sugua upande wa ndani kwa msasa, pachika kipande cha plastiki kinachozidi ufa kwa sentimita 2 kila upande, ushike kwa gundi ya epoksi ya sehemu mbili, ubane usiku mzima. Fundi akitaka kusafisha kwa asitoni, mzuie kwanza: asitoni huyeyusha ABS na hufanya polikaboneti ichanike vijiufa. Likiwa polipropilini usipoteze gundi yako, haishiki. Hilo linachomelewa kwa joto.

Kuhusu fidia: chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, malalamiko ya mzigo ulioharibika katika safari ya kimataifa yanapelekwa kwa shirika la ndege kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea. Mzigo ukichelewa, ni siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Lakini anza palepale uwanjani, kabla ya kutoka nje, ripoti iandikwe na upige picha sanduku likiwa na lebo yake ya safari. Jiandae kujibiwa kwamba ni kasoro ya sanduku lenyewe, na kwa sanduku la ABS nyembamba jibu hilo si geni.

Sanduku langu zuri nililiweka juu ya kabati miaka minne. Nimelitoa, mpini unanata kama asali na magurudumu yanamomonyoka kama mkate mkavu. Halijatumika hata! Kuna dawa?
*Msomaji wa Jambiani*

Ndugu yetu, limeharibika kwa sababu halikutumika. Mipira ya magurudumu mengi na ule utando laini wa mpini ni poliurethani, na aina nyingi za poliurethani huvunjwavunjwa taratibu na unyevu wa hewa. Joto huongeza kasi. Sasa fikiria chini ya bati, Jambiani, kusi na kaskazi, miaka minne. Hata ule utando wa ndani ya begi la kitambaa, unaobanduka kama ngozi iliyoungua jua, mara nyingi ni ugonjwa huohuo.

Mpini unaonata ufute kwa kitambaa chenye spiriti mpaka utando wote utoke. Utabaki plastiki tupu, haipendezi lakini hainati. Gurudumu linabadilishwa. Pima vitu vitatu kabla ya kwenda kununua: kipenyo, upana, na unene wa ekseli, ambayo mara nyingi ni milimita 6. Ekseli imegongewa kama ribiti, kwa hiyo ikate kwa msumeno wa chuma ukipitisha kati ya gurudumu na mguu wake. Tanguliza kipande cha bati usikwaruze plastiki. Toa mabaki, tia gurudumu jipya lenye beringi, pete nyembamba ya chuma (wosha) kila upande, kisha bolti na nati ya kujifunga. Kaza mpaka gurudumu lisiyumbe, ulegeze kidogo lizunguke. Badilisha yote kwa pamoja, maana ukibadilisha moja tu sanduku litakwenda upande.

Baada ya kupanda boti, pangusa zipu na skrubu kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, kisha pitisha kipande cha mshumaa kwenye meno ya zipu. Wakati wa kuhifadhi, acha zipu wazi kiasi cha kiganja ili hewa ipite, na usilifunge kwenye nailoni. Humo koga hustawi. Lisikae juu ya kabati chini ya bati wala kugusa ukuta wa chokaa. Kila baada ya miezi mitatu litoe, lianike kivulini, ulitembeze uani.

Nakwenda Pemba kwa ndege ndogo. Sanduku langu la inchi 28, gumu, litakubaliwa?
*Msomaji wa Fuoni*

Piga simu kwa shirika kabla, lakini jiandae kukataliwa. Ndege za injini moja zenye viti kama kumi na mbili, aina ya Cessna Caravan, hupakia mizigo kwenye kasha lililo chini ya tumbo la ndege na nyuma ya viti. Milango ni midogo, na ganda gumu halikunjiki kupita. Kiwango cha kawaida ni kilo 15 kwa abiria, na husemwa wazi kwamba begi liwe laini. Sanduku gumu tupu la inchi 28 lenyewe linaweza kufika kilo 4 au 5, karibu theluthi ya haki yako. Chukua begi la duara lisilo na fremu. Ukishikilia sanduku lako, panda nalo boti.

Kufuli ya namba inatosha kulinda zipu?
*Msomaji wa Chake Chake*

Inazuia mkono mvivu tu. Zipu ya kawaida ya nailoni hutobolewa kwa ncha ya kalamu ya wino. Mtu huchukua anachotaka, kisha huvuta vitelezi, vikiwa bado vimefungwa pamoja, huku na huku, na zipu inafunga tena kana kwamba hakuna aliyegusa. Kwa hiyo funga vitelezi kwenye pete au kishikio kisichosogea, si vyenyewe kwa vyenyewe, ili akitoboa asiweze kuziba alama yake. Masanduku magumu yenye komeo badala ya zipu ni salama zaidi, na ni mazito zaidi.

Kufuli yenye alama ya almasi nyekundu ina tundu la ufunguo ambao hukupewa, na hukusahauliwa: ni wa wakaguzi, hasa wa Marekani, wafungue bila kukata. Dhahabu, dawa na hati zikae kwenye mkoba wa mkononi. Pauabenki nayo ni ya mkononi, haitiwi kwenye mzigo wa chini. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100; ya mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni kama 74, inapita. Ukinunua sanduku lenye betri ya kuchajia simu, hakikisha betri inachomoka kwa mkono bila bisibisi.