Ladha ya Tumbaku ya Vepu: Kazi Yote Iko Kwenye Kuchuja

Aliyekulia Urambo, Kaliua au Sikonge anaijua harufu ya bani, banda la kukaushia tumbaku, wakati jani linakauka: tamu, nzito, na ndani yake mna nyasi kavu na asali. Harufu hiyo huipati kwenye vichupa vya ladha ya tumbaku vinavyouzwa kwa ajili ya vepu, yaani sigara za kielektroniki. Vingi ni karameli na vanila tu, tumbaku imebaki kwenye lebo. Mimi niliacha sigara kwa kuhamia vepu, na kilichokuwa kikinivuta kurudi kwenye pakiti ni kukosa ladha ya jani lenyewe. Nilipoanza kuitoa mwenyewe nyumbani, hamu ile ilikwisha.

Haya nawaandikia watu wazima ambao tayari walikuwa wavutaji. Kama huvuti kitu, usianzie hapa. Na ukiwa Uganda, Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya 2015 imepiga marufuku biashara ya vifaa hivi, kwa hiyo jua kwanza sheria ya mahali ulipo.

Tuanze na jani. Tumbaku ya mvuke, ile ya Tabora inayokaushwa kwa joto ndani ya bani, ina sukari nyingi na ndiyo inayotoa utamu ninaoupenda. Tumbaku ya hewa haina sukari nyingi, ladha yake ni kavu, inaelekea kwenye karanga. Tumbaku ya moshi, kama ile ya Namtumbo na Songea, ina harufu kali ya kuni, na moshi ule huacha kwenye jani kemikali ambazo hutaki kuzivuta kila siku. Mimi siitumii. Chochote utakachochagua, kiwe kimekauka vizuri na kukaa. Jani lisiloiva linanuka amonia na halifai. Tumbaku ya kiko inafaa pia, ila iwe ile isiyopakwa sharubati wala manukato. Ya kwenye sigara achana nayo, imeshachanganywa vitu vingi.

Kimiminika cha kuloweshea ni propilini glaikoli ya daraja la dawa, inayopatikana kwa wauzaji wa kemikali za maabara. Wapo wanaotumia spiriti. Siwashauri: mvuke wake unashika moto hata kwenye joto la kawaida la chumba, na spiriti ya kuwashia ina methanoli, ambayo ni sumu. Mafuta ndiyo usiyaguse kabisa, yawe ya nazi, ya karafuu au ya aina nyingine yoyote. Mafuta yakiingia kwenye mapafu hayana pa kutokea. Marekani mwaka 2019 watu walianza kulazwa kwa maelfu na mapafu yaliyoharibika, na hadi Februari 2020 walikuwa wamefariki 68; kilichohusishwa zaidi na janga lile ni mafuta ya vitamini E yaliyotiwa kwenye vimiminika vya bangi.

Vipimo vyangu ni gramu 10 za jani lililokatwa laini kwa mililita 100 za glaikoli, ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana. Naiweka kabatini gizani mwezi mmoja hadi miwili na kuitikisa kila ninapoikumbuka. Wengine huiweka kwenye maji ya moto ili wamalize kwa siku moja. Rangi inatoka haraka, kweli, lakini unatoka nayo na uchungu wa makapi.

Sasa kuchuja. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na hapa ndipo ladha nzuri inapopatikana au kupotea. Kwanza kamua kwa kitambaa safi cha pamba. Kisha pitisha kwenye karatasi ya kuchujia kahawa, na usiharakishe. Glaikoli ni nzito, hudondoka tone kwa tone usiku kucha. Ukiipasha kidogo kwa kuisimamisha chupa kwenye maji ya vuguvugu, inapita vizuri zaidi. Baada ya hapo iache itulie wiki nzima. Utaona tope laini la kahawia limekaa chini. Mimina ile ya juu polepole, tope libaki, halafu chuja tena kwa karatasi za maabara, ukianza na yenye matundu makubwa na kumalizia na ya mikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Inua chupa kwenye mwanga wa dirisha: iwe kama chai ya rangi, unaona upande wa pili bila ukungu. Ukiona ukungu, rudia. Ukungu huo ni chembe za jani, nazo ndizo zinazoungua kwenye koili, ule waya unaopasha kimiminika ndani ya vepu, na kukipa kila kivuto ladha ya masizi.

Hata ukichuja vizuri, sukari iliyoyeyuka haichujiki. Kwa hiyo tumbaku ya mvuke itaichafua koili mapema kuliko ladha za dukani. Tumia koili unayoweza kubadilisha pamba yake mwenyewe, na ibadilishe mara ladha inapoanza kuwa chungu.

Kuchanganya, anza na asilimia 5 ya ladha kwenye kimiminika chako cha vepu, ukipanda taratibu hadi 10. Kumbuka kwamba nikotini nayo imetoka kwenye jani. Jani lenye nikotini asilimia 2 lina miligramu 200 katika gramu 10, yaani kwa kiwango cha juu kabisa miligramu 2 kwa kila mililita ya ladha. Ukitia asilimia 10 unaongeza miligramu 0.2 tu kwa mililita. Ni kidogo, lakini usimwambie mtu kwamba haina nikotini, na usidhani kwamba kwa kuwa umeitengeneza nyumbani haina madhara. Jani limebeba pia baadhi ya kemikali zinazosababisha saratani, na kuchuja hakuziondoi zote. Ndiyo maana natumia kiasi kidogo kinachonitosha.

Andika lebo kwenye kila chupa, jina la jani na tarehe, na ufungie mahali mtoto hafiki. Makapi yaliyobaki kwenye kitambaa bado yana nikotini, kwa hiyo yafunge kwenye mfuko kabla ya kuyatupa. Yakiachwa jalalani wazi, mbuzi au kuku atayala.