Maswali na majibu: Mtumishi wa umma akifariki, familia idai nini?

Poleni nyote mlioniandikia msiba ukiwa bado mbichi. Barua nyingi za mwezi huu ni za familia za watumishi waliofariki wakiwa bado kazini, na nyingi zinauliza jambo lile lile: nani ataingia kwenye nafasi ya marehemu. Huku wanaulizana hilo, stahiki zenyewe zinalala ofisini bila wa kuzifuatilia. Nianze na hilo.

*Shikamoo mama. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, amefariki Februari. Mimi ni mtoto wa kwanza, nina stashahada ya uhasibu, na wadogo zangu wanne wananitegemea. Nimwandikie mkurugenzi wa halmashauri anipe nafasi ya baba? (Kijana, Songea)*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Hapana. Sheria yetu ya utumishi wa umma haina kifungu kinachompa mtoto au mjane ajira kwa sababu mtumishi amefariki. Ile nafasi haikuwa mali ya baba yako, ni ya umma. Ibara ya 22 ya Katiba inampa kila raia fursa sawa ya kushika kazi iliyo chini ya mamlaka ya nchi, na ndiyo maana nafasi hutangazwa, watu wakaomba kwa Sekretarieti ya Ajira na wakaitwa kwenye usaili. Hata mkurugenzi akikuonea huruma kiasi gani, hana mamlaka ya kukukabidhi kiti.

Najua wazo hili linatoka wapi. Wengi mmesikia kwamba India mtoto huajiriwa mzazi akifa. Ni kweli utaratibu huo upo, ila wanaousimulia huishia nusu. Katika serikali kuu ya India nafasi za namna hiyo ni za kada za chini, tena haziruhusiwi kuzidi asilimia 5 ya nafasi za kuajiri moja kwa moja katika kada hizo. Familia lazima ioneshe kwamba kifo kimeiacha bila njia ya kuishi. Mahakama ya Juu ya huko ilisema mwaka 1994, katika shauri la Umesh Kumar Nagpal, kwamba shabaha ni kuivusha familia kwenye dhiki ya ghafla, na kwamba hakuna anayeweza kuidai ajira hiyo kama urithi. Kwa hiyo hata huko usingekuta kiti cha baba kinakungoja.

Na mimi sitamani tuuige. Mtoto wa mkulima wa Namtumbo aliyefiwa na baba naye ana wadogo zake, na kodi ya mama yake imo kwenye mshahara huo huo.

Barua kwa mkurugenzi iandike, lakini iwe ya kutoa taarifa ya kifo na kuomba utaratibu wa mafao. Kwa stashahada yako, jisajili Ajira Portal, tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, uombe nafasi za uhasibu kwa jina lako. Na akitokea mtu wa kukuambia utoe laki tatu ili "cheki namba ya baba ihamishiwe kwako", huyo ni tapeli. Cheki namba, yaani namba ya mtumishi kwenye orodha ya mishahara, haihamishwi. Matapeli hawa husoma matangazo ya misiba, wakaja na jina la marehemu, kituo chake cha kazi na hata jina la mwalimu mkuu wake.

*Msimamizi wa mirathi si ndiye mrithi mkuu? (Msomaji, Morogoro)*

Siye. Nimeshalijibu hili mara nyingi mno, na kila linaporudi najua kuna yatima mahali fulani anayeliwa. Msimamizi hukusanya mali, hulipa madeni, hugawa kwa warithi na kurudisha hesabu mahakamani.

*Mume wangu alifariki Machi lakini mshahara wake bado unaingia benki. Kadi ninayo na namba ya siri naijua. Natoa kwa ajili ya ada za watoto. Kuna ubaya? (Mjane, Kahama)*

Dada yangu, acha leo. Mshahara hukoma mtumishi anapofariki. Unaoingia baada ya hapo ni fedha ya Serikali iliyolipwa kimakosa na itadaiwa irudi. Tangu ule msako wa watumishi hewa wa mwaka 2016, afisa utumishi anayemwacha marehemu kwenye orodha ya malipo anajiweka yeye mwenyewe hatarini, kwa hiyo usitegemee atakusitiri. Tena akaunti ya marehemu haiguswi mpaka mahakama iteue msimamizi, hata kama fedha iliyomo ni halali yake.

Andika kwenye karatasi ulitoa kiasi gani na tarehe ngapi, nenda kwa afisa utumishi kabla hajakuita, umweleze. Mjane aliyejitokeza mwenyewe husikilizwa tofauti na yule aliyekamatwa na taarifa ya benki.

*Jina la marehemu kaka yangu limeandikwa tofauti kwenye vyeti. Ofisini wametuambia turudi "tukishasawazisha". Tunasawazisha vipi? (Msomaji, Tunduru)*

Hapa ndipo familia nyingi zinapokwama, kwa hiyo vumilieni nieleze kwa kirefu.

Nilipokuwa kwenye dawati la utumishi katika halmashauri moja, alikuja mama amebeba mfuko wa rambo mweusi, karatasi zote za mumewe zimo ndani, nyingine zimeshikana kwa unyevu. Nikazipanga mezani. Barua ya ajira: Yusuph. Cheti cha ndoa: Yusufu. Kitambulisho cha taifa: Yusufu Athumani. Cheti cha kifo: Yusuf. Watoto watatu, na kila mmoja ana ubini wake; wa kwanza wa babu, wa pili wa ukoo, wa tatu jina la baba peke yake. Yule mama alizitazama, akaniuliza, "Mwanangu, kwani hawa wote si mtu mmoja?" Alikuwa mtu mmoja. Ilimchukua miezi 11 kulithibitisha hilo, na katikati ya miezi hiyo binti yake mkubwa aliacha shule.

Fanyeni hivi. Chukueni jina lililo kwenye barua ya ajira na hati ya mshahara kuwa ndilo la msingi, kwa sababu ndilo linalosomwa na mfuko wa hifadhi. Cheti cha kifo kikikosewa, rudini kwa msajili wa wilaya au RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kirekebishwe mapema, kabla hamjafungua mirathi. Kwa yale yasiyorekebishika, apatikane mzee wa ukoo aape mbele ya wakili au hakimu kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Muhtasari wa kikao cha ukoo utaje majina yote mawili au matatu, ili hata uamuzi wa mahakama uyataje. Msipofanya hivyo mtapata uteuzi wa msimamizi kwa jina ambalo mfuko haulijui, muanze upya.

Nanyi mlio hai na mnalipwa mshahara wa Serikali, fungueni majalada yenu wiki hii. Mtumishi anayeacha majina matano anamwachia mkewe kazi ya mwaka mzima, na anayekutwa na fomu ya wategemezi iliyojazwa akiwa kapera, yenye jina la mama yake tu, anamwachia ugomvi.

*Nimeishi na marehemu miaka 7, tuna watoto wawili. Amekuja mwanamke kutoka Moshi na cheti cha ndoa ya kanisani. Mimi sina haki? (Mama wawili, Dodoma)*

Nitakuambia ukweli ingawa unauma. Wengi mnakishika kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kwamba mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka 2 au zaidi na wakatambulika kama mke na mume, hudhaniwa wameoana. Lakini dhana hiyo huvunjika ikithibitika kwamba mmoja wao alikuwa tayari kwenye ndoa ya mke mmoja iliyo hai. Kama cheti cha Moshi ni cha kweli na ndoa haikuvunjwa mahakamani, wewe utapata shida kujiita mjane.

Watoto ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto kufaidi mali ya mzazi wake, na haiulizi mama yake alifungishwa ndoa wapi. Nenda kwenye kikao cha ukoo na vyeti vya kuzaliwa. Ubaba ukibishiwa, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

*Shemeji zangu wanasema kwa mila yetu mjane harithi, kwa hiyo mafao atapokea kaka mkubwa wa marehemu. (Mjane, Bunda)*

Mila zilizoandikwa mwaka 1963 kweli zinamweka mjane pembeni katika urithi wa mali, na ni aibu kwamba hazijafutwa hadi leo. Lakini mafao ya PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, hulipwa kwa sheria ya mfuko, ambayo inawaangalia mwenza na watoto. Usitie saini muhtasari wa kikao ambacho hukuhudhuria. Tangazo la mirathi likibandikwa mahakamani, weka pingamizi kabla siku hazijapita, na umpendekeze mtu unayemwamini, au ujipendekeze mwenyewe. Mjane anaruhusiwa kuwa msimamizi.

*Mdogo wangu, dereva wa idara ya Serikali, alifia kwenye ajali akiwa safarini kikazi. Tumepewa jeneza na gari la kusafirisha mwili. Ndiyo basi? (Msomaji, Singida)*

Siyo basi. Jeneza na usafiri ni wajibu wa mwajiri kwa mtumishi yeyote. Aliyefariki kwa sababu ya kazi, familia yake inadai pia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao kwa Tanzania Bara unahusu sekta ya umma na binafsi, na dai hilo ni mbali na mafao ya PSSSF. Mwulize mwajiri kwa maandishi kama ameshatoa taarifa WCF, wengi hawajatoa. Tafuteni ripoti ya polisi ya ajali, ripoti ya uchunguzi wa mwili na nakala ya kibali cha safari. Hicho kibali kichukueni wiki hii, kwa sababu ndicho kinachoonesha alikuwa kazini siku ile, na kwenye ofisi nyingi ndicho cha kwanza kupotea.