Mpangaji anayehama usiku: kichwa kimepasuka, mwiko umekatika

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mhasibu, naishi Kihonda, Morogoro, na tangu mwaka jana kila Jumapili nachonga vinyago uani kwa kujifurahisha tu. Sasa kuna kazi moja inayoninyima usingizi: mpangaji anayehama usiku kumkwepa mwenye nyumba. Ana urefu wa sentimita 30 na amejitwika vyombo vyote kichwani: godoro lililoviringishwa, kigoda, kinu na mchi, mbuzi ya nazi, sufuria, mwiko, kikombe, ndoo, na kuku juu kabisa. Nilitumia gogo la mwembe tulioukata hapa nyumbani. Mwiko umekatika mara tatu, sikio la kikombe limebaki mkononi mwangu, na wiki ya pili kichwa kikapasuka kutoka utosini hadi puani. Jirani ananiambia nikiunga vipande kwa gundi hicho si kinyago tena, maana Wamakonde huchonga gogo moja. Nifanyeje, na nitumie mti gani?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Umenichekesha kabla hata sijakiona kinyago chenyewe. Nianze na ufa, kwa sababu mwiko utachonga mwingine kesho, lakini kichwa kikipasuka kazi ya miezi imekwenda na maji.

Mti mbichi una maji mengi, na unapokauka husinyaa. Tatizo ni kwamba hausinyai sawasawa. Kwa miti mingi, kusinyaa kwa kuzunguka, yaani kufuata zile pete zinazoonekana gogo likikatwa, ni karibu mara mbili ya kusinyaa kwa kuelekea moyoni. Gogo likiwa zima, sehemu ya nje inataka kujikaza na moyo wa mti hauipi nafasi. Lazima pahali paachie, na pakiachia unapata ufa ulionyooka kutoka nje hadi moyoni. Naona moyo wa gogo lako ulipita katikati ya fuvu la mpangaji, ufa ukatafuta njia fupi, ukaikuta pua. Mchongo wako hauna kosa. Gogo lilikuwa limeshakata shauri tangu siku ulipolibeba.

Kwa hiyo pasua gogo nusu kwa nusu kabla ya kuchora chochote, kisha chonga kutoka nusu moja, moyo wote ukiwa umeutupa nje. Kinyago chenye upana wa sentimita 8 au 9 kinataka gogo la kipenyo cha sentimita 22 hivi. Kama ni bichi, paka ncha zote mbili nta au gundi nyeupe ya mbao siku hiyohiyo, maana maji hutoka kwa kasi zaidi pale nyuzi za mti, yaani ile mistari inayopanda na shina, zilipokatwa kuliko ubavuni. Chonga umbo la jumla mapema, upunguze unene, halafu kila jioni ukifunike kinyago kwa maranda yake ndani ya ndoo yenye mfuniko. Asubuhi kitoe kipate hewa kivulini, la sivyo kitaota ukungu. Na wewe ni mhasibu, basi fungua daftari: kila Jumamosi peleka kinyago kwenye mizani ya muuza duka, andika uzito. Uzito ukikaa palepale wiki tatu mfululizo, sasa chonga uso.

Kuhusu mti, mwembe sikulaumu, kila mtu huanza na kilichopo uani. Ni laini kwa kisu na haugharimu kitu. Ila hushika madoa ya ukungu upesi, na wadudu watoboao mbao wanaupenda. Unaweka kinyago sebuleni, baada ya mwaka unakuta unga mezani. Wewe uko Morogoro, hapo Mtibwa kuna shamba la misaji, na mafundi samani hukata vipande vya msaji wasivyovihitaji. Waombe. Msaji ukishakauka hutulia, ila hula makali ya patasi, utanoa mara kwa mara. Mninga ni mzuri zaidi kwa mwili wa mpangaji: husinyaa kidogo sana na rangi yake ya kahawia inafaa kwa ngozi bila kupaka kitu. Wenzetu Wakamba wa Kenya siku hizi huchonga mwarobaini sana, baada ya muhugu waliouzoea kuadimika. Nao si mbaya.

Mpingo? Kwa mwili, hapana. Ni mgumu mno kwa mtu wa Jumapili, ni mzito hadi unazama majini, na kuukata msituni bila kibali ni kosa. Lakini kwa vyombo vidogo hauna mpinzani. Unaweza kuchonga kitu chembamba kama kiberiti na kingo zake zisimomonyoke, ndiyo maana dunia inautengenezea klarineti, ala ya muziki ya kupuliza. Mabaki madogo utayapata kwa wachongaji wa Mwenge ukija Dar, hununui gogo. Sufuria ya mpingo juu ya mtu wa mninga, masizi yamejipaka yenyewe. Ukisugua mpingo kwa msasa vaa barakoa, vumbi lake huwasha ngozi na kifua.

Sasa mwiko. Nina hakika uliuchonga ukiwa bado umeshikamana na mzigo, umelala kukingama. Nyuzi za gogo zilikuwa zinapanda juu, mpini wa mwiko unakwenda pembeni. Mpini wa namna hiyo ni sawa na biskuti: nyuzi zake zina urefu wa milimita tatu tu, unakatika hata kwa kuupuliza. Gundi haikusaidii hapo. Kila chombo chenye urefu kichongwe peke yake, kutoka kijiti ambacho nyuzi zake zinafuata urefu wake: mchi, mwiko, miguu ya kigoda, ulimi wa mbuzi. Mwiko wa milimita nne uliofuata nyuzi utaudondosha sakafuni usikatike.

Namna ya kuchonga vitu vidogo ndiyo wengi hukosea. Usikate kipande cha sentimita tano halafu ukahangaika kukishika. Chukua kijiti cha sentimita 20, chonga chombo kwenye ncha yake, piga msasa kikiwa palepale, na ukate mwisho kabisa. Ule urefu uliobaki ndio mkono wako. Kwa sufuria, ndoo na kinu, toboa tundu kwanza kwa keekee kijiti kikiwa bado kinene, chimba ndani, ndipo upunguze nje. Ukianza na nje, siku ya kuchimba kitapasuka.

Na usijisumbue kukonda ukuta mzima. Jicho hutazama mdomo wa chombo tu. Punguza mdomo ufike milimita mbili kwa kuukwangua kutoka ndani kwa mshazari, chini yake acha unene wowote. Ndani chimba sentimita moja, paka sehemu ya chini rangi nyeusi. Mtu ataapa ndoo ina kina. Sikio la kikombe lina kanuni tofauti kidogo: acha kipande cha pembeni kikiwa kinene, toboa tundu lake kabla ya kulikata umbo, na nyuzi zisimame wima, zifuate urefu wa sikio. Pale juu na chini sikio linapojikunja kuungana na kikombe patakuwa dhaifu, hapo dondoshea supagluu nyembamba ipenye ndani ya nyuzi kabla ya kumaliza kuchonga. Mimi kwa kweli ningechonga kikombe cha bati kilichopoteza sikio. Mpangaji wako hana hali ya kuwa na kikombe kizima.

Jirani yako amesema kweli nusu. Mtindo wa ujamaa, ule wa watu waliopandana kama mnara, fahari yake ni gogo moja, na ukiuangalia vizuri utaona watu wale wamepanda juu kufuata nyuzi za mti. Ile ni kazi yenye masharti yake. Lakini hao hao Wamakonde, kwenye barakoa zao za mapiko, hubandika nywele halisi za binadamu na kuweka chale kwa nta, na huzichonga kwa mti mwepesi, si mpingo. Katika hizo mapiko kuna wazee, kuna maofisa wa kikoloni, watu wa kuchekwa wakati wa ngoma. Huo ndio ukoo wa mpangaji wako. Mwambie jirani akuletee soda.

Ila kiungo kifichwe kwa adabu. Usigundishe mzigo juu ya nywele. Chonga ngata, ile ya kitambaa kilichosokotwa, ikae baina ya kichwa na mzigo. Kiungo kinafichika hapo na kila mtu anaona ni jambo la kawaida. Panga vyombo vyote kwanza mezani, viungane kuwa mnara mmoja kwa njiti za mishikaki: keekee ya milimita tatu, njiti ya mwanzi, tone la gundi nyeupe. Sehemu za mpingo zifute kwa spiriti kabla ya gundi, mti ule una mafuta na gundi huteleza. Kisha mnara wote ukae juu ya ngata kwa njiti moja nene bila gundi. Ukisafiri nao, unauchomoa.

Uzito je? Shika uzi wenye msumari, uuning'inize mbele ya kinyago. Katikati ya mzigo, ngata, na nafasi iliyo kati ya nyayo viwe kwenye mstari mmoja. Vikikosana hata sentimita mbili, ataanguka kila paka akipita. Lakini ndani ya mstari huo mpinde unavyotaka: magoti yamekunjwa, kiuno kimetoka nyuma, shingo imezama mabegani. Kichekesho kiko kwenye magoti kuliko usoni. Wanafunzi wengi humpa mtu wao meno thelathini na mbili, na hapo kinyago kinacheka chenyewe, mtazamaji anabaki hana kazi. Mpangaji wako awe makini kabisa, mdomo umefungwa, macho peke yake yameangalia pembeni, upande wa mlango wa mwenye nyumba.

Vipimo: mtu wa sentimita 30 ni kama moja ya sita ya mtu mzima. Ndoo ya lita 20 itakuwa na kimo cha sentimita 6 hivi, kinu 8 hadi 10. Vyombo vyote vifuate hesabu hiyo, kisha kimoja tu ukivunjie sheria. Ukikuza vyote itakuwa fujo. Ningekuza kinu, kwa sababu ndicho chombo ambacho hakuna mwanamume aliyewahi kuhama nacho kwa hiari. Na mkono mmoja, ule usioshika mzigo, mpe rimoti ya televisheni. Televisheni yenyewe isiwepo popote. Watu watauliza wenyewe.

Vifaa usinunue vingi. Kisu kimoja kifupi unaweza kukitengeneza kwa kipande cha msumeno wa chuma kilichonolewa na kufungwa kwenye mpini; ubavu wa mwavuli mbovu, ule wenye mfereji, ukiunoa ncha unapata patasi ndogo ya mviringo ya kuchimba masikio na sufuria. Nolea kwenye jiwe, malizia kwenye mkanda wa ngozi wa zamani. Kisu butu ndicho hukata mchongaji, kwa sababu unakisukuma. Vaa glovu nene mkono wa kushikia, na usichonge kitu ukiwa umekiegemeza pajani. Mimi nina kovu la mwaka wangu wa pili kwenye kazi.

Kwa kumalizia uso wa mbao, nta ya nyuki iliyoyeyushwa inatosha. Rangi ya viatu hung'arisha pia, na sisi sokoni tumeitumia sana, lakini ukiipaka mti mweupe halafu ukauita mpingo, hilo ni shauri lako na mnunuzi. Ukitumia mafuta ya linsidi, tambara ulilopakia litandaze likauke nje. Likikunjwa kwenye kona linaweza kushika moto lenyewe.

Imebaki kuku. Miguu yake ndiyo itakayokutesa kuliko mwiko, kwani ukiifuata hesabu ya moja ya sita ni myembamba kama sindano. Usitumie waya. Mlaze ubavu juu ya godoro, miguu yote miwili ikiwa pamoja, nyuzi zikifuata urefu wake, halafu izungushie uzi wa katani. Miguu miwili iliyoungana ni minene maradufu, haikatiki. Na anayehama saa nane za usiku hawezi kumwacha kuku bila kumfunga.