Nilikuwa mtu mzima nikiwa na miaka 14, halafu nikarudishwa

Swali lenu la wiki hii, "Ulijua lini kwamba wewe si mtoto tena?", nimelisoma jana usiku kwa simu nikingoja umeme urudi, nikacheka peke yangu, maana kwangu mimi hiyo siku haipo. Nilikuwa mtu mzima nikiwa na miaka 14, nikanyang'anywa utu uzima nikiwa na 15, na sasa niko 25 bado nalipwa kidogo kidogo kama deni la dukani.

Mimi ni mtoto wa kambi ya jeshi, hapa Uganda. Baba mwanajeshi, Mgisu wa kule Mlima Elgon, mama Mteso wa Soroti, na kwa vile hawakuwa na lugha moja ya nyumbani sisi watoto tumekulia Kiswahili, kile cha kambini ambacho jirani zetu Wakenya wakikisikia wanashika kichwa. Nyumba yetu ilikuwa yunipoti, kile kibanda cha bati cha duara, mchana kinachoma, usiku kinatetemesha, pazia moja katikati, huku wazazi, huku sisi wanne. Mwaka 2014 baba akapangwa kwenda Somalia. Jeshi letu lilikuwa kule tangu Machi 2007 kwa hiyo kambini haikuwa habari ya ajabu, kila safu ya nyumba ilikuwa na baba mmoja Mogadishu, lakini ya wenzako ni ya wenzako mpaka iwe ya kwenu.

Usiku wa kuamkia safari aliniita nje akanipa ufunguo wa kasha la chuma. Kwenye lile kasha kulikuwa na karatasi za kiwanja cha kijijini, vyeti vyetu vya kuzaliwa, kitabu cha benki na picha zake za kuruti. Akasema "Kijana, wewe ndio mwanaume wa nyumba sasa." Basi, hayo tu, akaingia kulala. Nikaupitisha ule ufunguo kwenye kamba ya kiatu nikauvaa shingoni chini ya shati la shule, na mpaka leo nakumbuka ule ubaridi wake kifuani asubuhi tukiwa paredi.

Watu wakisikia hii stori wananihurumia kwa mambo ambayo hayakuniuma. Kazi za mikono hazikuwa shida, madumu ya maji alfajiri, kumpeleka kitinda mimba nasari, kupasua kuni, hizo hata watoto ambao baba zao walikuwepo walikuwa wanazifanya na tulikuwa tunacheka njiani. Kilichonizeesha ni maswali ya mama. Kuna usiku redio ilisema kuna shambulio kule, sisi wadogo wote tulikuwa tumeshalala, mama akaniamsha mimi peke yangu, akaniketisha juu ya dumu, akaniuliza "unafikiri yuko hai?" Mimi! Niko S2, mwaka wa pili wa sekondari, hesabu tu zinanishinda! Nikamwambia yuko hai mama, nimesikia waliopigwa si kikosi chao. Uongo mtupu, hata kikosi chake nilikuwa sikijui jina. Akalala. Mimi nikabaki macho mpaka tarumbeta ya asubuhi.

Sasa hivi mchana nafundisha P6, darasa la sita, na jioni nasoma kozi ya ushauri nasaha, na huko ndiko nilikokuta kumbe kitu hicho kina jina, wanasema ni mtoto kufanywa mzazi, na wanakigawa mara mbili, kuna kubeba kazi za mzazi na kuna kubeba moyo wa mzazi. La pili ndilo linaloonekana kuumiza zaidi. Tena wanasema inategemea sana kama kuna mtu anaiona hiyo kazi na kuitambua, maana mtoto anaweza kubeba mzigo mkubwa na asivunjike kama watu wa nyumbani wanajua kwamba anabeba. Siku tuliyofundishwa hayo nilitoka nje nikajifanya napiga simu.

Baba alirudi 2015, mwembamba, mweusi kuliko alivyoondoka, na begi limejaa tende. Tulifurahi sana msinielewe vibaya. Ila baada ya salamu kitu cha kwanza alinyoosha mkono, "Ufunguo." Nikauvua. Jioni hiyohiyo akaniambia saa tatu nikalale na wadogo zangu. Mimi? Niliyekuwa namlaza mama? Sikusema kitu, nikaenda kulala, na kuanzia hapo nikawa mtu wa kutoroka shule na kujibu vibaya, walimu wakasema ni balehe, na kweli balehe ilikuwepo, chunusi na sauti ya kukwaruza vyote vilikuwepo, ila hakuna aliyefikiri kwamba nimefukuzwa kazi.

Kwenye kozi wametusomesha Jeffrey Arnett, mwanasaikolojia Mmarekani, mwaka 2000 alitoa hoja kwamba kati ya ujana na utu uzima kuna kipindi kingine kabisa, takriban miaka 18 mpaka 25, mtu anajaribu huku na huku, kazi, mapenzi, imani, bado hajatulia popote. Aliwauliza vijana wa kwao kama wanajiona watu wazima na wengi wakajibu ndiyo upande huu, hapana upande ule. Hapo nilimpenda. Halafu wakiulizwa mtu mzima ni yupi, majibu yanayokuja juu ni kubeba dhamana ya mambo yako, kuamua mwenyewe na kuwa na pesa yako mwenyewe. Yaani kujitegemea. Hapo ndipo tulipoachana kidogo, maana kule nilikokulia mimi hatukupimi kwa kujitegemea, tunakupima kwa kutegemewa. Kaka anaweza kuwa bado analala kwa wazazi wake, anakula ugali wa mama yake, lakini kama ndiye anayelipia mdogo wake karo basi kwenye kikao cha ukoo anapewa kiti. Na yule mwenye chumba chake Kampala na pesa zake ambaye simu ikilia kutoka nyumbani haipokei, huyo hata awe na ndevu mpaka kifuani, wazee wanamwita katoto. Arnett mwenyewe lakini hakusema kipindi chake ni cha dunia nzima, alikubali kinategemea jamii na uchumi, kwa hiyo simgombezi, nagombeza sisi tunaokariri kila kitu kama kilivyo.

Serikali nayo isikusaidie. Kitambulisho cha taifa unapewa ukiwa na 16, kura na ndoa 18, halafu kwenye mabaraza ya vijana unaendelea kuitwa kijana mpaka 30. Ukitafuta jibu kwenye makaratasi utazeeka.

Kwetu Bugisu angalau tuna imbalu, tohara ya kumtoa kijana utotoni, na hapo nina la kusema kwa sababu watu wa mjini wanaichukulia kama picnic. Imbalu ni miaka inayogawanyika kwa mbili tu, yangu ilikuwa 2018, nikiwa na 18, ngoma ya kadodi siku kadhaa kijiji kwa kijiji, njuga miguuni, umepakwa chachu ya ulezi mpaka nyusi, halafu siku yenyewe unasimama uani kwa baba yako macho wazi na hutakiwi hata kupepesa. Sikupepesa. Niliingia uani musinde, asiyetahiriwa, nikatoka musani, mwanaume. Kidonda kikapona, nikarudi kambini, na wiki ileile mama akanituma chumvi, na ufunguo bado uko kwa baba, kwa hiyo kichwani hakuna kilichobadilika siku ile. Ila kuna kitu kimoja imbalu ilifanya ambacho 2014 haikufanya, watu waliona. Kijiji kizima kilikuwepo, shangazi zangu walilia, na mpaka leo nikifika kijijini kuna mzee atasema mimi nilikuwepo siku yako. Usiku ule wa redio hakuna aliyekuwepo.

Na msidhani baada ya hapo nikawa na busara. Mwaka uliofuata, niko 19, nimemaliza S6, nilianguka na boda ya kuazima, wenzangu wawili nyuma wanapiga mbinja ongeza ongeza, nikaongeza. Nina kovu la kiwiko mpaka leo na mwenye boda nilimlipa miezi mitano. Wanasema ile sehemu ya ubongo nyuma ya paji la uso, ya kupanga na kujizuia, inaendelea kukomaa mpaka miaka ya 20 na kitu, na kuna watafiti wawili, Gardner na Steinberg, mwaka 2005 waliwachezesha watu mchezo wa gari kwenye kompyuta, wakaona vijana wakiwa na marafiki pembeni wanajihatarisha kupita wanavyofanya wakiwa peke yao, lakini watu wazima marafiki wawepo wasiwepo ni vilevile. Ndio maana sishangai kwamba kichwa kilekile kilichompoza mama nikiwa 14 kilinitupa mtaroni nikiwa 19. Ule usiku nilikuwa peke yangu, kwenye boda tulikuwa watatu.

Turudi kwenye ufunguo. Baba amestaafu, wako kijijini sasa. Desemba iliyopita jirani alisogeza mpaka wa kiwanja, akaotesha migomba upande wetu, baba akanipigia, "Njoo, nataka usome zile karatasi uniambie unaonaje." Unaonaje! Sijawahi kulisikia neno hilo likitoka kwake kuja kwangu. Nilipanda gari asubuhi hiyohiyo. Nimefika, chai, habari za njiani, halafu akasema kasha liko chini ya kitanda na ufunguo uko kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati, kachukue. Nikainuka. Mama yuko jikoni, akapaza sauti, "Chukua tu wangu, uko hapa karibu."

Nikamuuliza wako upi.

"Si lilikuja na funguo mbili, tulinunua mwaka 2009."

Nilisimama pale mlangoni namtazama akipuliza moto. Mwaka mzima ule, kila alipohitaji karatasi, alikuwa ananiita "baba, njoo unifungulie kasha", halafu anasimama nje ya pazia kunisubiri mpaka niivue ile kamba shingoni.