Wamekukata hela ya mafuta kwenye gari la kukodi? Haya ndiyo majibu

Maswali ya wasomaji mara hii karibu yote ni ya wese. Magari ya kukodi Tanga yamekuwa mengi, na msimu wa harusi umeongeza kesi. Nimeyafupisha, matusi nimeyaondoa, na majina ya wenye magari sikuyaweka.

Shikamoo. Nilikodi IST siku mbili kwa harusi ya Muheza. Nilipewa fulu tanki, nikarudisha mshale umeshuka kidogo tu chini ya F. Dhamana ilikuwa laki mbili, nimerudishiwa 140,000. Mwenye gari anasema 60,000 ni ya mafuta na usumbufu. Ni haki? (Chumbageni)

Marahaba mwanangu. Si haki, na hesabu yenyewe inamsuta. Tangi la IST ni lita 40 na ushei. Hata tukimpa faida tukasema mshale ulishuka moja ya nane, hizo ni lita 5 au 6. Tuchukue shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi: lita 6 ni 18,000. Kwa 60,000 angejaza lita 20, yaani karibu nusu tangi, na wewe unasema mshale ulishuka kidogo tu. Ina maana zaidi ya 40,000 ni "usumbufu", na hapo ndipo pa kumbana.

Usianze na kelele. Mwandikie, WhatsApp inatosha, kwa adabu lakini bila kuzunguka: "Kaka, mafuta yaliyopungua nakubali kulipa. Naomba unijulishe umeweka lita ngapi, kwa bei gani kwa lita, na unitumie risiti ya sheli. Kiasi kinachobaki kwenye dhamana naomba unirudishie kwa namba hii." Ukituma hivyo umeshakubali deni lako halali, na yeye amebaki na la kwake la kuthibitisha. Vituo vya mafuta vinatakiwa kutoa risiti ya kielektroniki kwa kila mauzo, yenye lita na kiasi kilicholipwa. Kama kweli alijaza, risiti anayo. Kama hajajaza, amekukata kwa kukisia.

Bei nayo usikubali ya mdomoni. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, hutangaza bei kikomo, yaani ya juu kabisa inayoruhusiwa, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa kila mji na wilaya, na ukipiga *152*00# unaipata kwenye simu yako hata kama ni ya tochi. Bei ya Tanga mjini si ya Lushoto: mafuta yetu yanashushwa bandarini hapa hapa, ya Lushoto yanapandishwa mlimani kwa lori. Aliyejaza Tanga akutoze bei ya Tanga.

Kuhusu huo usumbufu, simkatalii moja kwa moja. Mtu akiacha shughuli zake aende sheli kujaza gari uliloahidi kulirudisha limejaa, amepoteza muda. Lakini kiasi chake kilitakiwa kisemwe kabla hujapewa ufunguo. Na hata kama kimeandikwa kwenye mkataba, Sheria ya Mikataba (Sura ya 345) humpa aliyevunjiwa makubaliano fidia inayostahili, isiyozidi kilichoandikwa. Kilichoandikwa ni dari tu. Hakimu anaweza kukishusha akiona hakifanani na hasara.

Sisi hatukuandikishana chochote. Dalali alinitafutia Noah, tukaelewana kwa mdomo, hela nikatuma kwa simu. Sasa mwenye gari anasema makubaliano yalikuwa nirudishe fulu. Mimi nilipewa nusu! Nina pa kushika? (Sahare)

Unapo, dada yangu. Makubaliano ya mdomo ni mkataba halali, shida yake ni ushahidi tu. Fungua simu yako kabla hujafuta kitu. Meseji za dalali, sauti za WhatsApp, ujumbe wa muamala wa pesa wenye saa na tarehe, hata ile picha uliyojipiga ukiwa umekaa kwenye usukani, ikuze uone kama dashibodi inaonekana. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imeruhusu vitu kama hivyo kupokelewa mahakamani, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba "meseji si ushahidi".

Kisha mrudie dalali. Yeye alikuwepo, na kamisheni alikula. Mwombe aandike, hata kwa sentensi moja, gari lilitoka na mafuta kiasi gani. Akikwepa kujibu, hilo nalo lihifadhi.

Siku nyingine, kabla hujaondoka, washa gari, piga picha moja inayochukua mshale wa mafuta na kilomita kwa pamoja, umtumie mwenye gari papo hapo ukiandika "nimepokea hivi". Akikaa kimya au akijibu "sawa", mmeshaandikishana.

Nilijaza Korogwe mpaka ikafurika, nikaja Tanga moja kwa moja. Jamaa anadai mafuta yamepungua. Risiti ninayo! (Majani Mapana)

Risiti yako ni ya kweli na jamaa naye ni mkweli. Korogwe mpaka Tanga ni zaidi ya kilomita 80, gari dogo linakunywa lita 6 au 7 hapo. Mlipe hizo, zisizidi. Wa kurudisha gari anajaza sheli ya mwisho kabla ya kukabidhi, hapa mjini, na risiti inayoonyesha saa hiyo.

Nimepewa gari taa ya mafuta inawaka, nikaambiwa "rudisha hivyo hivyo". Niliporudisha taa inawaka, nimedaiwa 20,000 eti nimerudisha kavu zaidi. (Duga)

Huu ndio mpango ninaouchukia kuliko yote, na ningekushauri ukatae gari la namna hiyo tangu mwanzo. Taa ikiwaka hakuna anayejua zimebaki lita ngapi: inaweza kuwa 8, inaweza kuwa 3, na hakuna mshale wa kuamulia. Basi mteja mwoga huongeza mafuta asiadhirike, anarudisha robo tangi ya bure, na mwenye gari anamkabidhi mteja mwingine baada ya kuyanyonya kwenye dumu. Wapo wanaoishi kwa hayo mabaki.

Kwa deni lako: mwambie athibitishe tofauti. Taa iliwaka wakati wa kuchukua, taa imewaka wakati wa kurudisha, makubaliano yametimia. Hana kipimo, hana dai.

Mimi ni mwenye magari, na naona safu hii inatupiga mawe upande mmoja. Wateja wanaweka mafuta ya elfu kumi, mshale unapanda, wanakabidhi usiku wanaondoka. Asubuhi mshale uko robo. Tufanyeje? (Kange)

Una haki ya kulalamika, na wizi wa namna hiyo upo. Mshale wa mafuta unasoma boya linaloelea ndani ya tangi. Gari likisimama kwenye mteremko boya linapanda au kushuka, na magari mengi mshale hukaa juu muda mrefu kabla haujaanza kuteremka. Tanga mjini ni tambarare, ila mkikabidhiana Lushoto mtagombana kila mara. Simamisheni gari pasipo na mwinamo, injini iwake, msubiri mshale utulie.

Dawa kubwa zaidi ni kuacha kubishana na mshale. Kutaneni sheli moja wakati wa kukabidhi na wakati wa kurudisha. Pampu ikikata mara ya kwanza, acheni hapo, msiongeze kwa kutikisa gari. Gari likirudi linajazwa mpaka pampu ikate tena, mteja analipa kilichoingia, risiti mnaipiga picha wote wawili. Inachukua dakika chache na haimwachi mtu na kinyongo. Usipokee gari usiku kama huwezi kulikagua, na kwenye mkataba andika ada yako ya kujaza kwa tarakimu, si "gharama nyinginezo". Maneno hayo mawili ndiyo yanayowaletea wenzako kesi.

Mdogo wangu anaishi Uingereza. Alikodi gari Hispania likizo, akalipishwa tangi zima mbele, akarudisha likiwa nusu, hawakumrudishia hata senti. Huko nako kuna dhuluma? (Raskazone)

Tele! Mwaka 2015 kampuni tano kubwa za kukodisha magari Ulaya ziliahidi kubadilika baada ya kubanwa na mamlaka za kulinda walaji, na mwaka 2017 Tume ya Ulaya ilitangaza mabadiliko hayo yamefanyika. Moja lilikuwa mteja kupata nafasi ya kuchukua gari limejaa na kurudishiwa hela ya mafuta asiyotumia. Kampuni ndogo za pembeni nyingi hazimo. Kama alilipa kwa kadi, awaandikie kampuni kwanza, wakikataa aiombe benki yake ipinge malipo, mapema kwa sababu muda una kikomo. Kama ni kadi ya mkopo ya Uingereza na gharama ya ukodishaji ilizidi pauni 100, sheria ya huko inaweza kumwajibisha hata mtoa kadi.

Nimeandika, nimeomba risiti, amenibloku. Niende polisi? (Mwakidila)

Kwa hela ya mafuta, hapana. Hilo ni dai, na polisi watakuzungusha bure. Kama kuna kampuni iliyosajiliwa na imekupotosha kwa matangazo au masharti yake, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 yenye sehemu nzima ya kumlinda mlaji. Kama ni mtu na gari lake, mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwakalisha, na wengi hulipa hapo kwa aibu tu. Akigoma, Mahakama ya Mwanzo ipo na mambo yake ni kwa Kiswahili. Beba karatasi moja: lita, bei, kilichokatwa, unachodai. EWURA usiisumbue kwa hili, labda sheli yenyewe ndiyo iliyokuzidishia bei au kukunyima risiti.

Nimerudisha gari na mafuta mengi kuliko niliyopewa. Naweza kudai tofauti? (Pongwe)

Kama hamkukubaliana hivyo, umempa zawadi. Siku nyingine muulize kabla hujajaza.